Kwa Nini Watu wa Menda Huteka Maji Chini ya Jiwe la Saba

Siku hizo watu wa Menda walikuwa wakiteka maji juu ya kijiji chao, pale mto Ngweo unapotoka msituni ukiwa bado na ubaridi wa milimani, na hakuna aliyeona ajabu. Wangeteka wapi tena? Wao ndio waliokuwa wa kwanza kuupokea mto, na mtu akizoea kuwa wa kwanza hudhani ni haki yake. Walikunywa maji ya juu, wakaoga ya katikati, ya chini wakayafanyia kazi, na yaliyobaki wakayaachia yaende zake. Huko yalikokwenda walijua kuna watu, maana waliwaoza binti zao huko. Sitawatetea kwa kusema hawakujua.

Kazi yao ilikuwa ngozi. Zilifika Menda mbichi kutoka pande zote, za ng'ombe, za mbuzi, za pofu na swala, zikatoka hapo zikiwa mikoba, viatu, ngoma na mbeleko. Mashimo ya kulowekea yalichimbwa ukingoni kabisa, hatua tatu kutoka majini, kila shimo na mfereji wake wa kuingizia maji na wa kuyatoa. Ngozi hulazwa kwanza kwenye maji ya majivu mpaka manyoya yalegee, kisha hukwanguliwa manyoya na mafuta, kisha hulowekwa mwezi mzima na zaidi kwenye maji ya magome ya mgunga. Kila kilichokwanguliwa kilitupwa mtoni. Maji ya magome yakishachoka yalifunguliwa mtoni. Ngweo uliingia Menda mweupe ukatoka mwekundu kama chai ya mkandaa.

Chini kidogo ya mashimo hayo mto huteremka kwenye mawe saba makubwa, moja baada ya jingine. Wakati huo, pale kwenye mawe, maji yalikuwa yakitoa povu jeupe, jingi, la kumfika mtu magotini. Wazee wa Menda walifundisha kwamba povu lile ni mto unaojisugua. Kila jiwe linautoa uchafu kidogo, na ukifika jiwe la saba umeshaoga, unakwenda kwa watu wa Vumbwe ukiwa safi kuliko ulivyokuja. Mtu akilalamikia harufu alipelekwa kuonyeshwa povu, na wengi waliridhika.

Kati ya wote waliofundisha habari hiyo, hakuna aliyeifundisha vizuri kumshinda Nanzia.

Nanzia ndiye aliyekuwa mkuu wa mashimo. Alikuwa mwanamke mrefu, mikono imekuwa myeusi hadi viwikoni kwa kazi, na kitu alichosifiwa nacho kilikuwa ulimi wake. Wengine walipima shimo kwa kuangalia rangi. Nanzia alichovya kidole, akaonja, akatema, akasema ongezeni kapu moja la magome, au iacheni ngozi siku nne, na hakukosea hata mara moja. Tena yeye alikuwa na dawa yake. Wote walitumia mgunga, lakini kwenye mashimo yake Nanzia alitia pia mizizi ya mdaa aliyoichimba na kuiponda mwenyewe. Ngozi zake zilikuwa laini kuliko za mtu yeyote, na uchungu wa maji yake ulikuwa wa namna yake, ukianzia nyuma ya ulimi na kukaa hapo mpaka jioni. Angeutambua popote.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Mbonea, naye alimwoza Vumbwe kwa mwanamume aitwaye Kangero. Vumbwe ni mwendo wa tangu alfajiri hadi mchana, kwa njia ya mlimani inayokwepa mto. Watu wa huko ni wafinyanzi, na wakati huo aliyewaongoza katika ufinyanzi alikuwa mama yake Kangero mwenyewe. Kwa desturi ya Menda mama hakuruhusiwa kukanyaga nyumba ya binti yake mpaka mjukuu aote jino la kwanza. Walisema mama akitangulia kwenda, binti hapati kuwa mke, anabaki mwana. Jino likishaonekana hutumwa mtu na ujumbe wa neno moja, limeota, na siku hiyo ndipo bibi hufunga mzigo wake.

Nanzia aliusubiri ujumbe huo kwa mtoto wa kwanza, ukaja ujumbe wa msiba. Mtoto alikuwa ameanza kuonjeshwa uji, tumbo likamshika, siku tano akawa hayupo. Akausubiri kwa mtoto wa pili. Ikawa vilevile, uji na tumbo, safari hii siku tatu. Desturi ilimzuia kwenda hata kuzika. Alilia akiwa Menda, huku mikono yake imo shimoni, kwa sababu ngozi haisubiri mtu amalize kulia.

Mtoto wa tatu akawa wa kike, wakampa jina la bibi yake. Nanzia hakutaka kulitamka jina lile kabla ya wakati. Akawa anamwita Somo, basi, na kila mtu akamwita hivyo. Alichagua ngozi ya mbuzi jike, akailoweka peke yake katika shimo dogo, akaikanda kwa magoti hadi ikalainika kama kitambaa, akashona mbeleko. Miezi ikapita. Siku moja mvua za vuli zikiwa zimeanza, akaja mtu kutoka Vumbwe, akasimama mlangoni akasema, "Limeota."

Alifika Vumbwe jua likiwa utosini. Mbonea alitoka mbio kumlaki, amekonda, macho yamekuwa makubwa usoni, na kiunoni amembeba mtoto mwenye jino moja. Walikumbatiana muda mrefu. Kisha Mbonea akafanya kile ambacho binti yeyote aliyelelewa vizuri humfanyia mgeni wake kabla ya habari. Alichota maji mtungini kwa kata, akapiga goti, akampa mama yake.

Nanzia alikunywa mkupuo mmoja, akasimama na ile kata mdomoni. Uchungu ulikuwa umekaa nyuma ya ulimi wake.

Alidhani ni vidole vyake. Akanawa, akachota maji mengine, akaonja tena polepole namna alivyozoea kuonja kazini. Mgunga ulikuwepo. Majivu yalikuwepo, na mafuta yaliyochacha, na chini ya vyote hivyo, mdaa. Hakuna mtu mwingine katika mto ule mzima aliyetumia mdaa.

"Maji haya mmeyateka wapi?" aliuliza.

"Mtoni, mama. Tunayo mengine?"

Mama Kangero alikuwa ameketi kizingitini akipondaponda udongo. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye maneno machache, na tangu mgeni afike hakuwa amemwita mkwe hata mara moja. Alinyanyuka, akajifuta mikono, akamwambia, "Mama wa Menda, njoo nikuonyeshe kitu." Alimpeleka nyuma ya nyumba, mgombani. Palikuwa na vichuguu viwili vidogo vya udongo, kila kimoja kimefunikwa chungu kilichotobolewa kitako. "Wa kwanza nilimwosha mwenyewe," alisema. "Wa pili pia. Niliwaosha kwa maji hayohayo, maana sina mengine."

Hapo ndipo Nanzia alipokaa chini. Wapo wanaosimulia kwamba alilia, lakini hakulia, alikuwa amevuka hatua ya kulia. Alikaa baina ya vichuguu viwili, akasema wazi, bila kuulizwa, "Ni ya mashimo yangu. Nimeyaonja. Ni mkono wangu." Huenda Mama Kangero alikuwa amesubiri miaka kuyasikia maneno hayo kwa mtu wa Menda, na sasa alipoyapata hakujua ayaweke wapi. Akamwacha palepale mgombani, akarudi kwenye udongo wake.

Jioni Nanzia alimsihi binti yake warudi wote Menda, na mtoto, wakakae juu ya mto. Mbonea alikataa. "Nikimchukua wangu nikaenda," alisema, "wa jirani nitawaambia nini?" Walikubaliana jambo moja. Somo asionjeshwe hata tone la mto. Atanyonya, atakula ndizi mbivu, na kiu yake itakatwa kwa maji ya mvua. Kesho yake Mama Kangero alianza kufinyanga mitungi ya kukingia mvua, mikubwa ya kumficha mtu aliyechutama, na si kwa nyumba yake tu, bali kwa kila nyumba ya Vumbwe yenye mtoto mchanga. Kila mtu alijua hesabu ya mitungi na mvua. Mwaka wenye kiangazi kirefu haitatosha, na maziwa ya mama nayo yana mwisho wake.

Nanzia hakurudi kwa njia ya mlimani. Alifuata mto, na kila alipopata nafasi ya kushuka alishuka akaonja. Uchungu ulizidi hatua kwa hatua. Alipofika kwenye Mawe Saba alionja chini ya la saba, kisha la sita, akapanda hivyo hadi la kwanza. Hapakuwa na tofauti. Jiwe la kwanza na la saba yalikuwa na ladha moja. Akashika povu lile jeupe kiganjani, akalisugua kwa vidole, na alipolihisi linavyoteleza kama sabuni alifahamu, akaona haya mpaka moyoni. Mtu aliyefanya kazi na majivu na mafuta maisha yake yote alipaswa kuwa amelijua siku nyingi.

Mkuu wa Menda alikuwa Mzee Mrindoko, mtu mpole ambaye hakupenda kusumbuliwa. Nanzia aliomba watu wakusanyike, akaja na bakuli la majivu, bonge la mafuta na maji safi ya juu. Akavikoroga mbele yao. Povu likapanda mpaka likamwagika. "Hili ndilo tunaloliita mto unajisugua," alisema. "Ni uchafu wetu wenyewe unaochemka." Akawaeleza aliyoyaonja kwa binti yake na aliyoyaona mgombani.

Wengi walimwamini, hilo lazima tuliseme. Lakini kuamini hakukuwafanya wasogee. Mashimo yakichimbwa mbali na mto, walisema, ardhi ya Menda ni ya kichanga, itayanywa maji yote kabla ngozi haijalowa. Na yale wanayoyamwaga wayamwage wapi? Mzee Mrindoko alisema jambo hili ni zito, linataka kufikiriwa taratibu, mvua zikiisha tutakaa tena. Sote tunaijua kauli ya namna hiyo.

"Fikirini," Nanzia aliwajibu. "Mimi nitakunywa anayokunywa binti yangu mpaka mmalize kufikiri."

Kuanzia asubuhi iliyofuata alionekana akiupita mto wa juu na mtungi wake mtupu, akiyapita mashimo, akishuka mawe yote hadi chini ya la saba. Hapo aliteka. Alipikia hayo, akanywa hayo, na mgeni aliyeingia kwake alipewa hayohayo na kuambiwa yametoka wapi. Watu wakapunguza kumtembelea. Wengine walimcheka kwa pembeni, wakisema amepagawa na msiba. Mwezi wa kwanza alishikwa na tumbo, akapona. Mwezi wa tatu lilimshika lisimwachie. Nywele zilimtoka. Alikwenda mtoni akijishikilia kwenye miti, baadaye akienda kwa kukaa na kusimama, na bado hakukubali mtu amtekee juu.

Kisha siku moja walimletea kikombe kutoka shimoni ili awaambie kama limekolea. Alionja, akaonja tena, akarudisha kikombe. "Sisikii kitu," alisema. Ulimi wake ulikuwa umekufa.

Jambo hilo liliiumiza Menda kuliko maneno yote aliyowaambia, nasema hivi bila kuwapamba. Ngozi za msimu ule ziliharibika shimo baada ya shimo, kwa kuwa hakuna aliyejua kupima kama yeye. Lakini kulikuwa na jingine pia. Kila mtu alikuwa amemwona yule mwanamke akiishia mbele ya macho yake kwa kunywa kile ambacho Vumbwe walikuwa wakikinywa miaka yote, na sasa hakuna aliyeweza kuonyeshwa povu akaridhika. Mzee Mrindoko alikwenda nyumbani kwake, akakaa kwenye kigoda, akaomba maji. Akapewa ya jiwe la saba. Aliyanywa yote. Alipomaliza aliuliza, "Tufanye nini na mchanga huu unaokunywa maji?"

"Vumbwe wana udongo usiovuja," Nanzia alimjibu. "Nipelekeni nikaombe. Ni juu yangu."

Walimchukua kwa machela. Alipowekwa chini mbele ya Mama Kangero, yule mfinyanzi hakumtambua mwanzoni. Nanzia alieleza shida yake, kwamba wanataka kuchimba mashimo mapya kilimani, mbali na mto, na kuyakandika udongo ili tone lisipenye, na kwamba Menda hawana udongo wala ujuzi wake. Somo alikuwa amekwisha kuanza kutambaa, akamfuata bibi yake kwenye machela na kumshika kidole cheusi.

Mama Kangero alimwangalia mtoto, akamwangalia mama wa Menda. "Udongo nitakupa," alisema. "Na kuukandika nitakuja mwenyewe. Lakini kusamehe bado, usije ukadhani. Udongo ni wa mtoto."

"Nimekuja kuomba udongo tu," Nanzia alisema.

Basi wafinyanzi wa Vumbwe walipanda Menda na udongo vichwani, msururu mrefu, wanawake kwa wanaume, wengine wakikanyaga kijiji kile kwa mara ya kwanza tangu waozeshane. Walichimba pamoja, wakakandika, wakawasha moto ndani ya mashimo mpaka udongo ukigongwa ukalia kama chungu. Maji yaliyochoka yakawa yanapelekwa kukaushwa kwenye matuta ya mbali. Mashimo ya zamani yalifukiwa. Kisha wakaingia mtoni. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ngumu, kwa maana chini ya mto kulikuwa na manyoya, mafuta yaliyoganda, kwato na pembe za miaka ambayo hakuna aliyeihesabu, tabaka juu ya tabaka. Walizoa kwa makapu kuanzia jiwe la kwanza kushuka, Menda kutoka juu na Vumbwe kutoka chini, kiangazi cha kwanza na cha pili. Walipandikiza matete na mafunjo kwenye kingo zilizokuwa zimeoza. Mwanzoni hawakuongea. Baadaye walianza kuazimana majembe, halafu chakula, na mtu hawezi kula cha mwenzake siku nyingi akaendelea kumnunia.

Povu lilipungua, likabaki ukanda mwembamba, likaisha. Kambare wakaonekana. Lakini hakuna aliyethubutu kusema mto umepona, kwa sababu ulimi uliokuwa na uwezo wa kusema hivyo ulikuwa umekufa.

Kiangazi cha tatu kilikuwa kirefu. Mitungi ya Vumbwe ilikauka mmoja mmoja, na Mbonea alikwisha kumwachisha Somo ziwa. Siku ulipobaki mtungi wa mwisho ukiwa na tope chini, Mama Kangero alimfunga mtoto mgongoni kwa ile mbeleko ya ngozi ya mbuzi, akapanda naye hadi kwenye Mawe Saba pamoja na Mbonea. Nanzia alikuwa ameketi chini ya jiwe la saba kama kila asubuhi. Alikuwa amepata nafuu ya mwili, lakini ladha haikumrudia tena, wala chumvi, wala asali. Watu wa vijiji vyote viwili walisimama kingoni.

Mtoto alisema ana kiu. Nanzia alichota maji kwa kata, akanywa, akatikisa kichwa. Hakusikia kitu, na kutosikia kwake hakukumsaidia mtu. Akamnyooshea Mama Kangero ile kata. Yule mfinyanzi alikuwa ameunywa uchungu ule tangu utoto wake, akawaosha nao wajukuu wawili. Kama kulikuwa na mtu wa kuutambua, ni yeye. Alikunywa kidogo akangoja. Akanywa tena, akangoja zaidi, mpaka watu wakaanza kutazamana.

"Yana nini?" Nanzia aliuliza.

"Hayana kitu, mkwe," Mama Kangero alisema.

Akaijaza kata, akamnywesha mtoto. Somo alikunywa yote, akaomba nyingine. Walikaa naye pale Menda siku tano, halafu kumi, Nanzia akimshika tumbo kila asubuhi, nalo lilikuwa baridi na laini. Siku ya kumi na moja akalitamka jina la mtoto kwa mara ya kwanza, Nanzia, akaona jinsi linavyosikika likiwa la mtu mwingine.

Yeye mwenyewe aliishi miaka mingi baadaye. Aliyarudisha maji ya mto mzima, na hakuwahi kujua yana ladha gani. Alimuuliza kila mtu aliyepita mtoni na mtungi lilelile, yana nini, na kila mtu alimjibu, naye akainamisha kichwa kwa kushukuru na kuwaza jibu hilo jioni nzima.

Na tangu siku Somo alipokunywa watu wa Menda hawateki maji juu ya kijiji chao. Wanayapita maji meupe yanayotoka msituni, wanapita njia ya mashimo, wanashuka mawe yote hadi chini ya la saba, na hapo ndipo wanapojaza mitungi, ili lolote watakalolifanya wawe wa kwanza kulinywa. Wageni huwaona wajinga. Na ukifika hapo asubuhi utasikia hawaamkiani kama watu wengine. Aliye na mtungi mtupu humuuliza aliyekwisha kunywa, "Yana nini?" Naye hujibu, "Hayana kitu." Siku mtu atakapokosa kujibu hivyo, hata awe mtoto, mashimo yote ya Menda hufunikwa, na hayafunguliwi mpaka aitwe mtu wa Vumbwe aje kuonja.